Jagi Zima la Sista Dozi

Sista Dozi alipostaafu uuguzi, wenzake wa wodini walimwuliza angependa zawadi gani ya kuagwa. Walitarajia aseme seti ya glasi au saa ya ukutani. Yeye akasema anataka mashine ya kahawa, tena si ile ya plastiki inayokaa kwenye rafu kama pambo. Alitaka ya chuma, ya kazi, kama ile ya chumba cha wauguzi iliyowaaga metroni mmoja baada ya mwingine na bado inanguruma.

Mashine ikaja. Ilikuwa na mabega mapana na taa nyekundu isiyopepesa, na nyumba nzima ilikuwa na soketi moja tu iliyoweza kuihimili bila umeme kukatika. Basi ikawekwa mezani chini ya dirisha la sebule, mahali ambapo mumewe, fundi wa nguo, alikuwa akishonea tangu watoto wao hawajaota meno. Cherehani ikahamishiwa kwenye korido, na mwanga wa huko haukutosha hata kumwonyesha mtu viatu vyake.

"Mke wangu," alisema fundi, "sisi tumebaki wawili. Mimi nakunywa chai. Wewe daktari amekuruhusu kikombe kimoja. Jagi lote hili ni la nani?"

"La wageni."

"Wageni gani?"

"Watakuja."

"Si utie maji nusu basi?"

Sista alimtazama kama mtu aliyependekeza mgonjwa achomwe nusu sindano. "Mashine ya kazi haipewi kazi nusu."

Wageni hawakuja, na kahawa ikawa inaishia kwenye sinki kila siku. Fundi, mtu asiyetupa hata kipande cha kitambaa kinachotosha kufunika kifungo, alikuwa akiusikia mmwagiko ule akiwa koridoni na kuumia kama anayemwagwa yeye. Mwishowe uvumilivu ukamwishia.

"Tupatane," alisema. "Wiki hii lisimwagwe hata tone. Likimwagwa, mashine inahamia kwa kaka yako na mimi narudi dirishani. Lisipomwagwa, sitalalamika tena."

"Hutalalamika tena? Wewe?"

"Nitajitahidi."

Sista akakubali, ingawa alijua anachokihatarisha. Dunia hii imezoea vitu vya kuharibika. Birika linauzwa likiwa limebeba kifo chake tumboni, nasi tukilitupa tunaambiwa hayo ndiyo maendeleo. Watu nao hutendewa vivyo hivyo: umeuguza umma ujana wako wote, kisha unakatiwa keki, mnapigwa picha ya pamoja, na kesho yake hakuna anayekuuliza dawa iko wapi. Kule wodini, zamu zikibadilishana, watu waliizunguka mashine ile, na vikombe mkononi wakamwuliza Sista mambo. Mashine ikiondoka nyumbani kwake, nani angekuwa na sababu ya kumzunguka?

Akaenda kutafuta wanywaji. Aliwapata wawili: fundi viatu wa mlango wa pili na mwalimu wa hesabu aliyepanga nyumba ya nyuma. Walikuja kwa furaha, maana kahawa ilikuwa nzuri kweli. Kosa la Sista lilikuwa kwamba aliwahudumia kiwodi. Aliwasimamia mpaka wameze, kisha akachungulia vikombe.

"Mwalimu, hukumaliza."

"Nitaenda kumalizia nyumbani, Sista."

"Nyumbani ndiko watu wanakotupa dawa. Malizia hapa, nikuone."

Huku koridoni mumewe alicheka mpaka akajichoma sindano.

Wiki ilisonga hivyo, jagi likikauka kila asubuhi. Siku ya mwisho hakuja mtu. Mwalimu alionekana akipita uchochoroni, ameinama kama anayetafuta sarafu. Sista akaenda kugonga kwa fundi viatu, ambaye nyundo yake ilikuwa ikisikika toka mbali. Nyundo ikanyamaza.

"Sipo, Sista!"

"Hupo na unajibu?"

"Nihurumie, dada yangu. Jana moyo wangu ulikuwa unapiga misumari wenyewe!"

Akarudi nyumbani, akaketi mbele ya jagi lililojaa. Mumewe alikuwa ametoka. Sinki ilikuwa hatua chache tu, na bustani nayo haina ulimi. Lakini mwanamke huyu, kwa miaka yote ya kazi yake, hakuwahi kusema mgonjwa amekunywa dawa ambayo hakuinywa. Akakunja mikono, akangoja.

Mumewe aliingia na koti begani.

"Bado limejaa," Sista alisema kabla ya salamu. "Mpigie kaka. Mwambie aje na mtu wa kumsaidia, mashine ni nzito hiyo."

Fundi alikuwa ameusubiri ushindi huu wiki nzima, na sasa umefika hakujua auweke wapi. Alilitazama jagi, akalitazama koti. Lilikuwa koti la zamani la mteja, bitana yake imechanika. Kitambaa kipya alichokipata cha kuibandika kilikuwa cheupe mno. Kando ya bitana ile iliyofifia kilionekana kama jino la bandia.

"Hii kahawa ni kali?" akauliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Lete beseni."

Akamimina jagi lote, akazamisha kitambaa. Sista alishindwa kuinyamazisha dhamiri yake. "Huko si kumwaga?"

"Kumwaga ni kutupa. Hapa nafanya kazi." Akakigeuza kwa kijiti. "Nadhani tayari."

"Usitoe mapema. Dozi ni dozi."

"Sista, huyu mgonjwa ni wangu."

Hata hivyo alikiacha kidogo zaidi. Alipokitoa alikikamua, akakipeleka dirishani, ikabidi ajibanze ubavuni mwa mashine ili apate mwanga. Rangi ilishika sawasawa. Alisimama pale muda mrefu kuliko kitambaa kilivyohitaji, akitazama nje kutoka mahali pake pa zamani.

"Mashine itakaa," alisema hatimaye. "Lakini sogeeni, wewe na mwenzako. Asubuhi dirisha ni lenu, mchana ni langu. Na wageni wakija, kikombe wasichotaka kumaliza, wakiache."

"Na kitakachobaki?"

"Beseni si unaliona?"

Sista akaisukuma mashine mpaka mwisho wa meza, kisha akaenda kushika upande mmoja wa cherehani.

"Pinda magoti, mume wangu. Kiuno hicho."

"Kiuno changu kimekuuliza?"

"Pinda, nikuone."

Akapinda.