Moto wa Safari ya Picha

Shanta niliinunua kwa askari aliyerudi kutoka vitani Burma. Ilikuwa inanuka ukungu na mafuta ya bunduki, mkanda mmoja umekatika, nikaushona kwa kamba ya katani. Niliifua mara kadhaa, harufu ikakataa kuondoka, nikaizoea. Mama alisema nikiivaa mgongoni nafanana na kobe aliyesimama.

Miaka hiyo Nachingwea ilikuwa mji wa karanga. Matrekta yalikuwa yakiangusha msitu tangu alfajiri, watu wametoka kila upande kutafuta kazi, na kwa sababu ya watu wale akaja Mhindi mmoja mpiga picha, akafungua chumba cha bati karibu na soko. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne nikakosa njia ya kuendelea, basi akanichukua nimfagilie na kumchotea maji ya kusafishia picha. Baadaye akanifundisha. Nilipoona uso wa mtu unajitokeza kwenye karatasi ndani ya maji, we acha tu. Usiku ule sikula.

Kazi yetu ilikuwa nyuso za vibarua. Lakini mimi niliwaza tembo. Kila siku madereva wa matrekta walikuwa wanasema wanyama wamehama, wamevuka Ruangwa, wamekwenda kwenye mto Mbwemkuru. Nilihisi wanaondoka kabisa, na hakuna aliyewaaga. Nikamwambia tajiri wangu nataka kwenda kwa miguu nikawapige picha.

Akacheka. Akatoa kamera ya sanduku, ile ya akiba.

"Hii haioni mbali," akasema. "Ukitaka tembo aonekane tembo, msogelee mpaka usikie tumbo lake linavyonguruma. Ukikaa mbali utaniletea picha ya nzi."

Akanipa na filamu. Ila akaniambia nisichelewe, maana kazi ya karanga ilikuwa inafifia, na watu wakiondoka naye angehamia Mtwara.

Kwa hiyo nikajiandaa. Filamu niliiweka ndani ya kopo la kakao pamoja na punje za mchele kavu za kunyonya unyevu, nikafunga mfuniko kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Unga wa mtama, chumvi, kisu, kipande cha turubai. Kamera niliiviringisha ndani ya shuka langu la pekee. Mchana nilijizoeza bila filamu: nanyata, nabana pumzi, nambofyea jogoo wa mama. Mama ananitazama huku anapepeta.

"Umempata?"

"Nimempata, mama."

"Basi mwachie aende zake, ana kazi."

Wa kunipeleka alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Ujanani aliwinda tembo kwa gobori. Nilipomweleza kwamba tutamwona tembo, tumsogelee, halafu tumwache, alinitazama kama mtu aliyeambiwa apike chakula kisha akimwage. Lakini alikubali. Nadhani naye aliukumbuka msitu.

Ila aliweka sharti. Kwenye ukoo wetu anayewaendea tembo huwashiwa moto nyumbani. Mwanamke wa nyumba yake anaulinda mpaka arudi. Hatoki nje ya uwanja, hapaki mafuta, hagombani na mtu, hamgawii jirani kaa la moto. Moto ukizimika msafiri yuko hatarini. Mimi sikuwa na mke, kwa hiyo ni mama.

"Lakini baba mdogo, sisi hatuwindi. Ni picha."

"Sawa. Tembo umeshamwambia?"

Mama akasema, "Washa, shemeji. Nitaulinda." Baba mdogo akauwasha magharibi, siku moja kabla ya kuondoka, kwenye pembe ya uwanja, akamkabidhi mama kwa maneno ya Kimwera niliyoyasikia siku hiyo tu. Mama akaitika. Akakaa.

Asubuhi nilikwenda kisimani kujaza chupa ya maji. Nikamkuta mama mmoja muuza vyungu, anayezunguka vijijini mpaka Lionja. Akashangaa kuniona.

"Hamjaenda tu? Mimi juzi nimemwambia mama yako. Dada yake ana hali mbaya kule Lionja. Hali chakula. Anamtaja yeye tu."

"Mama hakuniambia."

"Aliniambia atakwenda ukisharudi." Akajitwika vyungu vyake. "Sijui kama atangojewa."

Huyo dada, mama mkubwa, ndiye aliyemlea mama baada ya bibi kufariki. Nilirudi na chupa tupu. Mama alikuwa amechutama anasogeza kuni, midomo imemkauka.

"Mama, mama mkubwa anaumwa."

Hakuinua macho. "Nani amekwambia? Yule mwanamke hana mdomo wa kufunga."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Kwa sababu ungekaa. Mwaka mzima unaota tembo, ungekaa halafu ungecheka ili nisikuone unasikitika. Nenda. Ukirudi nitakwenda."

Nikamfuata baba mdogo, alikuwa anakaza kamba za makubazi yake, viatu vyake vya ngozi. Nikamwomba amfungue mama kwenye moto, shangazi yangu aulinde badala yake.

"Moto haukabidhiwi watu wawili," akasema. "Na mimi siwezi kumfungua. Anayeuzima ni msafiri mwenyewe, akiwa hajatoka. Ukiuzima, mimi sikupeleki. Labda mwaka mwingine, kama mwaka mwingine watakuwepo." Akanitazama, akapunguza sauti. "Sikulazimishi, mwanangu. Upande wowote."

Nilisimama pale uwanjani shanta ikiwa mgongoni. Nitasema kweli, nilitafuta njia ya tatu. Niliwaza pengine mama mkubwa atapona. Niliwaza tutatembea haraka, nipige picha moja tu, nirudi mbio. Upande wa msitu matrekta yalikuwa yameshaanza kuunguruma. Mama akapuliza moto, moshi ukamwingia machoni, akajifuta kwa kiganja. Kwa moshi au kwa kulia, sikujua.

Nikachukua mtungi wa maji ya kunywa nikaumimina wote.

Mama alipiga kelele, "Mwanangu!" Majivu yakaruka mpaka kwenye kanga yake. Baba mdogo alikaa chini, akafungua kamba za makubazi moja baada ya nyingine, taratibu, akayavua.

Mimi na mama tulilala njiani, kesho yake tukaingia Lionja. Nilimbebea mama mihogo na nguo, lakini yeye ndiye aliyekuwa mbele. Nilimwita apunguze mwendo, hakusikia.

Mama mkubwa alikuwa amelala kwenye mkeka, amebaki macho tu. Akageuza kichwa.

"Mbona unahema? Umefukuzwa na simba?"

"Nimefukuzwa na wewe," mama akajibu, akacheka, kisha akashindwa kuendelea kucheka.

Siku zile nilikaa mlangoni. Ndani walikuwa wanabishana ni nani aliyeimba vibaya unyagoni, na nani aliyeiba kuku wa mjomba wao. Wakati mwingine ilikuwa sauti moja tu, ya mama, inaendelea na ugomvi peke yake. Nilikuwa natazama upande wa Ruangwa. Kama ningeondoka siku ile na baba mdogo ningekuwa nimeshafika mtoni. Niliumia, na sioni aibu kulisema. Kamera nilimrudishia tajiri wangu wiki aliyokuwa anang'oa mabati yake. Mbwemkuru sijafika mpaka leo.

Mama mkubwa alifariki adhuhuri, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya mama. Mama ndiye aliyemwosha. Alipotoka nje mikono ilikuwa bado imelowa, akanitazama, nikadhani atautaja ule moto.

"Kachote maji," akasema. "Watu wanakuja."