Daktari wa Maumivu

Jesca, karani wa Daktari wa maumivu, hakuwahi kumwona bosi wake akimtibu mtu. Kazi ya Daktari pale chuoni, chini ya milima ya Uluguru, ilikuwa kuchunguza protini ya binadamu iliyotengenezwa maabara za ughaibuni, ile inayoufanya mwili uhisi maumivu na muwasho. Aliihifadhi kwenye friza ndani ya kichupa, maana haikuvumilia joto, na alikishika kwa ncha za vidole kama yai la kuazima. Jesca alipougulia jino, Daktari alimchungulia juu ya miwani: “Maumivu ni protini tu, binti.” Mkulima wa kijiji cha Kinole aliyejikuna upupu hadi akachubuka alipewa jibu lilelile. Lakini zama zilikuwa za soko huria, kila msomi na mradi wake. Wa Daktari ulikuwa kuuza barafu za ukwaju, alizozishindilia katika friza hiyohiyo hadi mlango ukagoma kufunga. Jumatatu Jesca alimkuta sakafuni, kwenye dimbwi la ukwaju, kakikumbatia kichupa kilichokwisha kupata joto, analia kwa kwikwi kama mfiwa. Jesca akashika shavu lake lililovimba, akainama kwa adabu zote. “Shikamoo, Daktari. Pole. Ni protini tu.”