Tangi Namba Saba

Ekidor alimfanya Nawoi aitwe mwizi wa maji mbele ya kijiji kizima, na Nawoi hakuwa ameiba hata kikombe.

Kwa miaka mitatu Nawoi ndiye aliyetunza tangi la kijiji chao, kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kakuma. Shule hakwenda, ila namba anazijua. Tangi likikauka, alituma saba na sifuri kwa simu kwenye mradi wa maji: saba ni tangi lao, sifuri hakuna kitu. Kesho yake lori la maji lilikuja.

Kisha Ekidor, fundi wa kompyuta wa mradi huko Lodwar, akatumwa kazi ndogo: aongeze kijiji kimoja kipya kwenye orodha ya matangi. Akaona orodha haipendezi. Akaipanga yote upya kwa alfabeti, akagusa na mengine ambayo hakuna aliyemwomba, akaenda zake kula. Hakujaribu kitu.

Saba ikawa kijiji kingine. Wiki tatu lori lilipeleka maji kwa watu ambao tangi lao limejaa. Vijiji vingine vilivyokosa vililaumu madereva. Kwao walimlaumu Nawoi.

"Ameuza maji yetu huyu!" wanawake walisema barazani.

Ekidor alikuwepo, amekuja kutoka Lodwar, kwenye kiti cha plastiki. "Mfumo uko sawa," akasema. "Labda mama anabonyeza vibaya."

Wakamnyang'anya ufunguo wa tangi.

Nawoi akachukua simu yake akaenda Kakuma, kwa Sylviane, Mkongo aliyekuwa ameajiriwa na mradi kurekebisha makosa.

"Ejok, mama," Sylviane akamsalimu kwa Kiturkana. "Usinielezee. Tuma, nione."

Nawoi akatuma saba, sifuri. Sylviane akasoma jina lililotokea kwenye kompyuta.

"Hao si sisi! Hao ni wa ng'ambo ya mto!" Nawoi aliruka. "Haya binti, fumua yote!"

"Apana, mama. Tuma tena kwanza."

Kosa likajirudia vilevile. Ndipo Sylviane akafungua kumbukumbu ya mabadiliko, tarehe na jina la kila aliyegusa. Ekidor. Mistari mia mbili, kwa kazi ya mstari mmoja. Sylviane akapiga mluzi.

Akairudisha orodha ilivyokuwa, akaweka kijiji kipya chini kabisa. Basi.

"Na huo uchafu mwingine humo ndani, unaoguna ukiuona?" Nawoi akauliza.

"Sikutumwa huo. Nikiugusa leo, kesho atakuja kulia hapa mama mwingine. Tuma."

Saba, sifuri. Kijiji chao! Nawoi alipiga kigelegele mpaka wauza chapati nje wakachungulia. Sylviane hakuishia hapo. Walijaribu matangi yote kumi na manne, moja baada ya jingine, Nawoi akibonyeza na kucheka kama msichana, na kila moja likajibu jina lake.

Kesho yake vumbi la lori likaonekana barabarani. Watu walikimbia na mitungi, wakisukumana, wakiimba. Yule aliyepaza sauti zaidi barazani ndiye aliyefika wa kwanza.

"Nawoi, njoo ufungue! Unangoja nini?"

"Nangoja ufunguo wangu," Nawoi akajibu, na wakauleta mbio.

Maji yapo. Ufunguo anao. Ekidor alituma ujumbe ofisini kwamba hitilafu imeondolewa. Hakusema ilikuwa ya nani. Bado anadaiwa yeye, si mradi wala kompyuta: asimame barazani palepale, mbele ya watu walewale, aseme kwa mdomo wake kwamba Nawoi alibonyeza sawa.