Bata Mwenye Miwani

Jirani yangu huyu tulimwita Fundi tu, na kila mtu alijua ni fundi gani. Alikuwa mchora mabango. Ukitaka jina la duka juu ya mlango, picha ya mkasi kwenye saluni, au namba kwenye geti, ulimwita yeye. Mikono yake ilinuka mafuta ya taa ya kusafishia brashi, na chini ya kucha zake hapakukosa rangi hata siku ya harusi yake. Mimi ndiye niliyemnawisha siku hiyo, najua.

Mumewe alikuwa msoma mita za maji, mtu mpole, na dada wa mume ndiye aliyekuwa na chekechea barabarani kwetu. Huyo wifi alipenda kuitwa Madam, hata na ndugu zake wa tumbo moja. Alipofungua chekechea, Fundi alimchorea kuta zote kwa jina la udugu: wanyama kumi na wawili na herufi kutoka A hadi Z, wiki mbili juu ya ngazi, akiwa na mimba ya miezi saba.

Mtoto aliyezaliwa ni binti, na alichelewa kusema. Alipofikisha miaka minne alikuwa na maneno machache tu: maji, baba, paka, hapana. Daktari alimpima akasema masikio mazima, ulimi mzima, subirini. Walisubiri.

Sasa Jumapili moja familia ilikaa sebuleni kwa mama mkwe, na mazungumzo yakaja kwenye shule. Aanze lini, aanze wapi? Madam akainua kijiko mbele ya mtoto.

"Hiki ni nini?"

Mtoto akajificha kwenye sketi ya mama yake. Madam akainua kikombe. Kimya. Akaweka kikombe chini, akasukuma miwani yake juu ya pua.

"Huyu mwacheni mpaka miaka saba. Na mkaulize vizuri upande wa mama, maana sisi kwetu hatujawahi kuwa na bubu."

Watu wakacheka. Mama mkwe akaangalia kidole gumba chake. Msoma mita akajimiminia chai. Na Fundi mwenyewe, ndicho kilichomuuma kuliko vyote, alicheka nao kidogo, kama mgeni asiyetaka kuharibu shughuli.

Jioni alikuja kwangu. Hakukaa.

"Dada, yule mwanamke nitamwonyesha."

"Ulimi hauna mfupa, mwenzangu. Msamehe."

"Wake hauna mfupa. Mimi brashi yangu ina mti."

Kesho yake asubuhi alivuka barabara. Mkabala kabisa na chekechea ya Madam, lango kwa lango, palikuwa na chekechea nyingine ndogo ya muuguzi mstaafu, mama mwenye miguu mizito na sauti ya chini. Kuta zake zilikuwa nyeupe tupu. Fundi akamwambia atamchorea ukuta wote wa nje, na mtoto ataanza Jumatatu ijayo.

"Mtoto anasema?" muuguzi aliuliza.

"Akitaka."

"Basi tungemngoja kidogo, amzoee mtu hapa kwanza…"

"Jumatatu, mama."

Alichora siku nne. Alianza na twiga, akaja kwa samaki, akaja kwa treni yenye mabehewa ya herufi. Siku ya nne, mahali panapotazama moja kwa moja mlango wa ofisi ya Madam, akachora bata. Bata mnene, mkoba chini ya bawa, miwani ya fremu ya dhahabu imeteleza hadi ncha ya mdomo, na shingo imepinda upande, vilevile Madam anavyompa mtu mgongo akimaliza kumsema.

Hapakuhitajika maelezo. Wazazi walioleta watoto asubuhi walisimama, wakatazama bata, wakatazama upande wa pili, wakashika mbavu. Kabla wiki haijaisha, watoto wa chekechea ya Madam mwenyewe walikuwa wakimwamkia darasani: "Shikamoo, Madam Bata!"

Msoma mita alirudi nyumbani na daftari lake la mita kwapani, amesawijika.

"Dada amenipigia simu analia."

"Analilia nini? Kwani nimemwandika jina? Bata ni bata."

"Bata gani anabeba mkoba?"

"Bata anayejiheshimu."

Nilisikia yote, maana ukuta wetu ni mmoja, na siwezi kusema sikucheka.

Lakini mtoto. Kila asubuhi alishika nondo za lango la muuguzi kwa mikono miwili, na mama yake akambandua kidole kimoja kimoja. Nilimsindikiza siku mbili tatu, nikaona jambo ambalo sikulipenda. Wakati anambandua vile vidole, Fundi hakuwa akimtazama mwanawe. Alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara, kama Madam anaona.

Wiki ya pili mtoto akaanza tena kukojoa kitandani. Wiki ya tatu, yale maneno machache aliyokuwa nayo yakaanza kupungua. Paka likaenda. Baba likaenda, na maji pia. Likabaki hapana, na siku nyingine hata hilo hakulitoa.

"Unampeleka shule au unampeleka vitani?" mumewe alimuuliza.

"Nikimtoa leo, dada yako atapiga vigelegele."

"Apige! Mtoto ni wa nani?"

Muuguzi naye akamwita Fundi pembeni, akamwambia kwamba mtoto anashinda chini ya meza ameziba masikio kwa viganja, kelele za wenzake zinamzidi. "Hana kasoro, mwanangu. Anahitaji mwaka mmoja zaidi nyumbani. Ukimsukuma, ataichukia shule kabla hajaijua."

"Nani kakutuma? Wifi yangu?"

"Miaka thelathini nimepokea watoto wakizaliwa. Nitumwe na nani?"

Fundi aliondoka kwa hasira. Ila kesho yake asubuhi, langoni, mtoto hakushika nondo. Hakulia. Aliuachia mkono wa mama yake mwenyewe, akaingia ndani kichwa chini, polepole, kama mtu mzima anayerudi kwenye kazi anayoichukia. Fundi alinisimulia kwamba alisimama pale akingoja kile kilio, na hakikuja. Akaingia, akamtoa chini ya meza, akambeba kiunoni.

Madam alikuwa mlangoni kwake, mikono kifuani.

"Si nilisema?" alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Nilisema mimi!"

Fundi alitembea mpaka nyumbani, na barabara nzima inamtazama. "Dada," aliniambia, "bora angenivua nguo."

Mwaka ule mtoto alikwenda na mama yake kazini. Alikaa chini ya ngazi juu ya turubai, na kipande cha msasa na brashi iliyokufa, akipaka maji kwenye ukuta na kuyatazama yakikauka. Siku moja, katikati ya kazi ya duka la dawa, sauti ikatoka chini: "Mama, bluu imemwagika." Kopo zima lilikuwa limemwagika kwenye ngazi za mlango wa watu. Fundi alishuka akakaa palepale kwenye rangi, akaomba aambiwe tena.

Mama mkwe alikuja kuomba amani, bata afutwe. Fundi akasema atamfuta siku Madam atakapokaa sebule ileile, Jumapili, mbele ya watu walewale, na kuyarudisha maneno yake. Madam akaona heri kuvunja ukuta kuliko kufungua mdomo: aliziba lango la mbele, akafungua jingine uchochoroni.

Mtoto alipotimiza mitano, baba yake alitaka aende kwa shangazi yake, yaishe. Fundi safari hii alimuuliza mwenye kwenda. Walimtembeza kwa muuguzi asubuhi tatu, wakikaa naye, na ya nne akasema anataka kurudi kwenye mchanga wa kuchezea. Akaanza kwa nusu siku, akaja kuzoea.

Siku ya kwanza Madam alimtuma kaka yake na begi jipya la shule kwa ajili ya mtoto. Fundi alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaja nalo moja kwa moja kwangu akampa mjukuu wangu, ambaye wakati ule alikuwa akibeba vitabu kwenye mfuko wa plastiki. Ni begi zuri, lina zipu mbili na mahali pa chupa ya maji. Mjukuu wangu hupita uchochoroni, mbele ya lango jipya la Madam, kila asubuhi kwenda shule, na Fundi akimwona anatoka humwita kutoka juu ya ngazi: "Pita polepole, mwanangu. Huna haraka."