Kilango cha Chumvi na Sukari

Jumwa alipofika kwa Bi Kadzo, nje kidogo ya Lunga Lunga, mtoto Katana alikuwa akilia bila machozi. Tumbo lilikuwa limemwendesha tangu jana. Mto ulikuwa umejaa, bodaboda hazivuki, na mkobani mwa Jumwa, mhudumu wa afya wa kijiji, pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini zilikuwa zimekwisha.

Alimwamkia bibi, akauliza mjukuu anakunywa nini. Maji ya chumvi. Sukari je? Bi Kadzo alikuwa ameikataza, kama mamake alivyoikataza: utamu huamsha minyoo, tumbo likazidi kuchafuka.

Jumwa hakubishana. Tangu aliposoma biolojia chuoni, jambo moja lilikuwa limemganda moyoni. Alikutanisha viganja kwenye vifundo vya mikono, vidole vikaachana kwa juu.

"Bibi, utumboni mna vilango vya protini, vidogo mno. Hiki kimefunguka upande wa chakula. Chumvi ikiingia peke yake, hakigeuki. Sukari peke yake, hakigeuki. Zikiingia zote mbili..." Akafumba vidole juu, akaviachanisha viganja chini. "Kinajikunja. Kinafunga huku, kinafungua kule. Zote zinaangukia mwilini, na maji yanazifuata."

"Wewe umekiona hicho kilango?"

"Sijakiona. Nimewaona watoto wakiinuka."

"Na minyoo ikiamka?"

"Niite, nije niichape mwenyewe."

Bi Kadzo alicheka bila kutaka, akaenda kulileta kopo la sukari.

Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Wakamnywesha kidogo kidogo. Alipotapika walingoja, wakaanza tena. Jumwa alikuwa akiomba kimoyomoyo kilango kile kisichoonekana kigeuke, kigeuke tu.

Alasiri Katana aliupiga teke mkono wa bibi yake, akaangua kilio, na chozi likamtiririka shavuni. Punde akailowesha leso ya Bi Kadzo chapachapa. Hakuna mkojo uliowahi kupokewa kwa kigelegele kama kile.

Mto ulipopungua, zahanati wakampima, wakasema yu salama.

Juma lililofuata mtoto wa jirani alishikwa na tumbo. Jumwa alipofika mbio, alimkuta Bi Kadzo amekwisha kuketi, viganja vimekutana, akimfokea mama mtu:

"Hakigeuki mpaka ziwe mbili. Leta sukari."