Nilikwenda Marekani Kuangalia Ploti

Sikwenda Marekani kutalii. Nilikwenda kuangalia ploti. Mwanangu Kiprono, anayeishi jimbo la Georgia, alinitumia kwa simu mchoro wa nyumba nyingi zenye paa jekundu, zimezungushiwa ukuta na kuwekewa geti moja. Nilipoutazama vizuri nikatambua kona ya barabara yetu ya Silibwet, huku Bomet, Kenya. Nyumba zile zilikuwa zimekaa juu ya majani chai yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu na mjane, hati ya shamba iko kwa jina langu, na majani hayo ndiyo yaliyomsomesha yeye na dadake.

"Mama, ng'oa hiyo majani tujenge esteti," aliniambia. "Nyumba moja itakuwa yangu. Nikistaafu nitarudi. Lakini kama hakuna mahali pa maana pa kukaa, mimi nitazeekea tu huku."

Nikamwambia sing'oi hata mche mmoja kabla sijaziona hizo esteti anazozisifu. Tiketi ilikuja wiki hiyo hiyo. Mtoto huyo hajawahi kunijibu haraka namna ile.

Siku ya kuondoka nilimwachia ng'ombe jirani yangu Mama Akinyi, mtu wa upande wa ziwani anayeuza samaki hapo sentani, penye maduka. Aliniuliza kama huko nitapata ugali. Nikamwambia nimebeba unga, na nilikuwa nimeubeba kweli.

Kituo cha kwanza kilikuwa Massachusetts, kwa mdogo wangu Lea. Mji wao ni mdogo na unapendeza: kanisa jeupe, uwanja wa nyasi, maduka yaliyoegemeana. Ukitoka kidogo, mji unaisha na msitu unaanza, nami nikadhani tumefika mashambani. Kumbe msitu wenyewe umejaa watu. Kila nyumba imejificha mwisho wa kijia chake, kama mtu aliyekosana na ukoo. Lea alinieleza kwamba sheria ya mji wao inakataza kujenga kwenye ploti ndogo.

"Wanaogopa kubanana," akasema.

"Wabanane na nani? Tangu asubuhi sijaona mtu."

Tulipotembea humo msituni niliona kuta za mawe zikipita katikati ya miti bila kuzuia chochote. Nikauliza ni nani aliyeujengea msitu ukuta. Lea akacheka.

"Dada, hapa palikuwa mashamba. Wenyewe walihama, miti ikarudi, halafu watu wa mjini wakaja kujenga ndani ya miti."

Niliyatazama mawe yale kwa muda. Kuna mtu aliyainua moja moja akidhani anawapangia wajukuu. Moyo uliniuma, na Lea aliponiuliza nina nini nikasingizia baridi.

Kutoka hapo niliruka hadi Phoenix, Arizona, kwa binti yangu Chebet, ambaye ni muuguzi. Nilitarajia kwamba kwenye jangwa, penye nafasi ya kumwaga, nyumba zingekuwa zimetapanyika. Kumbe huko ndiko zimebanana. Zote zina rangi ya udongo, na zinafanana hata Chebet mwenyewe hubonyeza rimoti aone ni mlango upi wa gereji utakaoitikia. Kati ya jirani na jirani kuna ukuta mrefu kunishinda. Mbele ya nyumba, badala ya nyasi, wamemwaga kokoto, na nilimwona mzee mmoja akizipiga reki kwa bidii. Sijui alitarajia ziote lini.

Chebet alinipeleka hadi mtaa wa mwisho. Pale nyumba zinakoma ghafla, upande huu vigae, upande ule vumbi na miiba.

"Mbona wameishia hapa?"

"Mabomba ya maji yameishia hapa, Mama."

Nikamwambia hao basi wana sababu. Sisi wenye mvua tunajenga popote gari linapoweza kukwama.

Kwa Kiprono nilifika nikiwa nimeiva kwa mabishano. Anakaa mbali nje ya Atlanta, kwenye nyumba kubwa zilizotawanywa chini ya miti, na barabara za huko zinajikunja, zinazunguka, kisha zinaishia mahali pa kugeuzia gari. Alinionyesha kila kitu kwa fahari.

"Umesikia, Mama? Kimya."

Nilikuwa nimesikia. Hata friji yake ilionekana kuwa na maneno mengi.

Asubuhi iliyofuata, Kiprono akiwa kazini, niliona kwa dirisha la jikoni nyumba iliyotugeuzia mgongo, na mama wa rika langu akimwagilia maua. Nikachemsha chai ya kwetu, nikaitia kwenye thamosi, nikaenda kumsalimia. Shida ikawa kufika. Nilifuata barabara, nayo ikazidi kunipeleka mbali na nyumba ile. Hapakuwa na pa kukanyaga ila nyasi za watu. Gari moja likasimama na dereva akaniuliza, kwa huruma, gari langu limeharibikia wapi.

Nikarudi, nikakunja sketi, nikapenya vichaka vya nyuma ya nyumba. Yule mama alishtuka akanielekezea mpira wa maji kama ninayewaka moto. Nilimwambia mimi ni mama yake Kiprono, wa nyumba ile pale. Akasema hamjui Kiprono. Alipoona thamosi akalegea, akaleta vikombe. Anaitwa Carol. Tukiwa kwenye kikombe cha pili akaniambia mumewe alianguka pale pale bustanini majira ya baridi, akafa, na gari la wagonjwa lilisimama hapo asubuhi nzima. Hakuna mtu wa upande wa Kiprono aliyekuja.

Jioni nilimwuliza Kiprono kuhusu gari hilo la wagonjwa.

"Niliona taa," akasema. "Nilidhani ni polisi. Kwenda huko lazima utoe gari uzunguke, Mama, na hata sijui ni nyumba namba gani."

Hakuwa na ubaya. Nimemzaa mimi, najua hana ubaya. Lakini usingizi ulinipotea kwa woga. Nilimwona mwanangu amezeeka, Mungu amenirudishia nyumbani kama ninavyoomba, amejifungia nyuma ya ukuta wa esteti yake, na siku akianguka watu wa Silibwet wanaona taa tu.

Kwenye uwanja wa ndege aliniuliza nimeamua nini. Nikamwambia nitampigia.

Kutoka mjini Bomet kuja nyumbani nilitazama nje dirishani. Nilikuwa nimewacheka Wamarekani majimbo matatu, na hapa kwetu kando ya lami yamejipanga maduka yasiyoisha kujengwa, na bikoni za savea, zile nguzo fupi za mpimaji ardhi, zimechomoza katikati ya mahindi ya watu. Wiki hiyo hiyo nikamwita savea. Nilimwambia anikatie kona ya juu tu, inayopakana na sentani, nyumba chache zilizokaribiana, pasiwe na ukuta wala geti. Majani yanayobaki yabaki.

Savea alipima, akakuna kichwa. "Mwalimu, kuna hii njia ya miguu watu wanatumia kutoka mtoni. Inapita karibu na jikoni ya Kiprono. Tuisukume huko pembeni?"

"Iache ipite hapo hapo."

Kiprono alipoona mchoro alipiga simu.

"Mama, watu watakuwa wanapita kwa mlango yangu ya jikoni asubuhi mpaka jioni."

"Ndiyo."

"Mama Akinyi na samaki yake. Watoto wa shule. Kila mtu."

"Na watachungulia sufuria."

"Na siku nataka kukaa peke yangu?"

"Peke yako umeshakaa, Kiprono."

Nikaogopa kwamba nimempoteza. Kisha akaniuliza kama nje ya mlango huo kuna nafasi ya benchi.