Koti la Mzee wa Mabata

Mimi mtu wa Singida nililetwa Tukuyu kufundisha enzi za rais wa ruksa, na mvua ya kule ilinichosha kuliko wanafunzi. Mke wangu alikataa katakata kunifuata. Kwa hiyo mwalimu mwenzangu aliponiambia kuna mzee wa kijiji cha Lufingo anayeongoza watu kuwinda mabata mwitu ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na mkirudi mnakula kwake pamoja, sikuuliza habari za mabata. Niliuliza chakula ni saa ngapi.

Nisikudanganye, uwindaji ule ni kukaa tu. Unakaa kwenye matete, tope hadi magotini, mbu wanakufaidi, na kukohoa ni marufuku. Nilikwenda kutafuta mtu wa kuzungumza naye, nikanyamazishwa tangu alfajiri hadi saa nne! Nikapiga chafya. Mabata wote wakaruka, mzee akafyatua bunduki, wakaanguka wawili.

Hakunigombeza. Tuliporudi milimani nyuma ya pikapu mvua ilitupiga, akavua koti lake refu jeusi la mitumba.

"Vaa, mwalimu. Utakufa kwa balidi bule."

Tulipofika Lufingo, mzee alisimama barabarani kusalimiana na jirani. Mimi, kwa njaa, nikatangulia uani na mabata mkononi, kola nimeipandisha hadi masikioni. Mke wa mwanawe alikuwa akimenya ndizi. Kwao, mke wa mwana haonani kabisa na baba mkwe. Aliona lile koti, akatupa kisu, akajifunika khanga usoni na kutokomea migombani. Mke wa mzee alicheka hadi akakaa chini.

"Mwalimu, umenikimbizia mkamwana," mzee alisema alipofika. "Basi na wewe ni baba mkwe wake."

Tulikula sebuleni. Yule mkamwana alibaki jikoni, lakini alimtuma mama mkwe wake aniletee paja zima la bata, la baba mkwe wa pili. Nililila hadi mfupa. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu nifike.

Kisha nikarudisha koti.

Jioni nilipita sokoni Bagamoyo, mtaa wa hapo hapo Tukuyu, kuelekea kwangu. Wanawake walikuwa wakifunga ndizi zao, wengine wakanitazama, wakaendelea na kazi. Nilipunguza mwendo. Nilitamani hata mmoja wao anikimbie.